Papai Ndani ya Glasi: Siku Moja Kaohsiung

Nilipokuwa Kaohsiung, mji wa bandari kusini mwa Taiwan, nilipata siku moja ya kutembea. Asubuhi nilivuka kwa feri hadi kisiwa cha Cijin, nikapanda kilimani kuona mnara wa taa. Mchana nilipita kwenye maghala ya zamani ya bandari, ambayo sasa ni kumbi za sanaa. Miaka ya 1960, ndizi zilipakiwa melini bandarini hapo kwenda Japani.

Jioni nilikwenda soko la usiku la Liuhe, na hapo ndipo palipokuwa na somo. Papai bivu, ambalo kwetu huozea mezani likisubiri mnunuzi, pale humenywa na kusagwa na maziwa baridi mbele ya mteja.

Mwenye mapapai anaweza kushirikiana na jirani mwenye ng'ombe. Chemsha maziwa, yapoze, osha vyombo kwa maji safi, kisha saga glasi moja moja. Usiweke akiba, kwa sababu papai hufanya maziwa kuwa machungu yakikaa. Anza na mapapai matano, piga hesabu ya gharama zote, ndipo upange bei.