Magadi ya Ziwa Natron na meno ya watoto wetu
Ukifika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, unakuta gamba jeupe, kwingine jekundu, limetanda juu ya maji. Hayo ndiyo magadi.

Mvua na chemchemi za maji moto huyeyusha chumvi za miamba ya volkano, kama ile ya mlima Oldoinyo Lengai ulio jirani, na kuzipeleka ziwani. Ziwa halina mto unaotoa maji nje, na jua ni kali. Maji hugeuka mvuke, chumvi hubaki na kuganda.

Miamba ya volkano hutoa pia madini ya floraidi. Ndiyo maana visima vingi vya Arusha na Meru vinazidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na watoto wengi huko wana meno ya kahawia.

Mzazi, kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Mtoto wa chini ya miaka 8, ambaye meno yake ya kudumu bado yanajengeka, mpe maji ya mvua yaliyochemshwa, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Maharage yake yaloweke usiku kucha, usiyatie magadi. Jino likishaota na rangi hiyo, mswaki hauiondoi.