Nani Atalipia Kuosha?

Nimekatazwa kuwasha kompyuta. Na si kwamba ilikuwa mbovu: tulishaitengeneza, kila njia ya shaba imepimwa, mita imelia panapotakiwa kulia, kilichobaki ni kubonyeza swichi. Mzee mwenye funguo za karakana, mstaafu ambaye sijawahi kumwona bila sweta, akasema bodi bado ina unyevu, ikae jirani na hita, tutaiwasha wiki ijayo. Wiki ijayo! Mashine ya mwaka 1987, ambayo ikipona kazi yake kubwa itakuwa kudundisha kwenye skrini ule mpira mwekundu na mweupe waliotangazia Amiga tangu 1984. Nikapanda tramu nimenuna, na humo ndani nikaanza kumtumia mjomba ujumbe wa sauti. Haya mnayosoma yamezaliwa na ugomvi wetu.

Wanaonifuata hapa wanajua naishi Braunschweig. Pengine hamjui kwamba Commodore, waliotengeneza Amiga, walikuwa na kiwanda hapa, na kwamba wahandisi wa hapahapa ndio waliochora toleo la kwanza la Amiga 2000. Kampuni ilifilisika Aprili 1994, lakini ukikutana na mwanamume wa hapa aliyepita miaka hamsini, usimgusie mada hiyo kama una haraka ya kwenda mahali. Wengi bado wanazo Amiga zao, zimelala darini au ghala la chini ya nyumba. Na zikiletwa kwenye karakana yetu, karibu zote zina ugonjwa uleule.

Ugonjwa ni betri. Kidude cha mviringo chenye seli tatu za nikeli na kadimiamu, volti 3.6 kwa jumla, kimechomelewa kwenye bodi kabisa. Kazi yake ni kukumbuka saa na tarehe mashine ikizimwa, basi. Mashine ikitumika, betri inajichaji. Ikisahauliwa darini, betri inakwisha, inazeeka, inavuja. Kinachovuja ni haidroksaidi ya potasiamu, alikali kali, na uovu wake ni kwamba haikai pale ilipodondokea. Inapenya chini ya ile rangi ya kijani ya bodi na kutambaa na njia za shaba, inazigeuza kijani, kisha nyeusi, kisha hazipo. Risasi iliyoguswa nayo inafifia na kuwa kijivu, na ukiipelekea chuma cha moto inakutazama tu, haiyeyuki. Sasa kwenye Amiga 2000 betri iliwekwa jirani na prosesa, Motorola 68000, yenye miguu 64 iliyosimama kwenye soketi. Mpaka uione soketi hiyo baada ya miaka thelathini ndipo utaelewa kwa nini wazee wa watu wanaguna.

Nilidhani kazi ni kuchomea. Wapi! Kuchomea ni kazi ya saa moja. Kazi ni kuosha. Betri inakatwa kwanza, kabla ya salamu. Kisha bodi inapigwa siki nyeupe kwa brashi laini, kwa sababu alikali dawa yake ni asidi, na hapo unaona vipovu vinapanda kutoka sehemu ambazo uliapa ni safi. Halafu maji yasiyo na madini, yale ambayo kwetu tunanunua kituo cha mafuta kwa ajili ya betri ya gari. Halafu siki tena. Soketi inang'olewa hata kama inaonekana nzima, maana uchafu unajificha chini yake, na pale chini panaoshwa upya. Mzee ana karatasi za litmasi, zilezile za maabara ya kidato cha pili, anagusisha kwenye bodi na kusubiri rangi. Ikibadilika, tunaanza tena. Mwisho spiriti ya isopropili ifukuze maji, halafu hita, halafu ile wiki yangu.

Na ana makopo mawili, usije ukachanganya. La pili lina bakingi soda. Hilo ni la Macintosh za zamani, kina SE/30, ambazo betri yake ni ya lithiamu, nusu ya urefu wa betri ndogo ya tochi, na hiyo ikivuja inatoa asidi. Ukimwagia siki hapo umeongeza asidi juu ya asidi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba, kwa sababu mjomba alikuwa na dawa moja kwa betri zote za dunia: ndimu. Tuliokulia Ngamiani, kule Tanga, tunawajua mafundi wa aina yake. Kibanda cha mabati, redio zimepangwa mpaka kwenye dari na nusu yake wenyewe walishahama mji, kikombe cha kahawa kisichokwisha. Ukimletea redio iliyovujiwa, anakata ndimu, anasugua spring, kutu inatoka, inang'aa, unalipa. Baada ya miezi michache umerudi. Leo najua sababu. Betri kubwa za enzi zile, zile za kaboni na zinki tulizokuwa tukizianika juani zipate nguvu ya taarifa ya habari, na zikifa kabisa tunazipasua kwenda kupaka ubao wa shule, uji wake ni wa asidi. Ndimu ilikuwa inang'arisha tu, haizimi kitu.

Lakini kwa Amiga ndimu ya mjomba ingefaa! Nilimweleza yule mzee kwa majivuno ya Tanga nzima. Akafikiri, akasema ndimu ina sukari na nyama nyama zitakazobaki kwenye bodi, afadhali asidi ya limau ya unga. Hawa watu hawakuachii hata ushindi mdogo.

Kwa hiyo ngoja niseme jambo ambalo pale karakanani sikulisema. Kwa mkono, mjomba anawaacha mbali. Wao wana hadubini na waya mwembamba wa kununua, umefungwa kwenye kigurudumu, una rangi unayotaka. Mjomba nimemwona akirudisha njia iliyoliwa kwa uzi wa shaba alioufumua kwenye mota ya feni iliyoungua, macho matupu, chuma amekipasha kwenye jiko la mkaa kwa sababu umeme umekatika, na huku anabishana na muuza kahawa kuhusu timu ya Coastal Union. Ile redio iliimba.

Siku moja mzee aliniuliza nikiwa mtoto nilikuwa na kompyuta gani. Kwa huku ni swali la kawaida, kama kumuuliza mtu alisoma wapi. Nikamwambia nchi yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, akadhani nafanya mzaha. Nikaongeza kwamba hata hiyo televisheni ya kuichomekea, sisi wa Bara tulingoja vituo vyetu mpaka 1994, mwaka uleule Commodore inazikwa. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, na wanatukumbusha hadi leo.

Kompyuta zetu zilikuja baadaye, mitumba, na zilikuja na betri zilizokwisha. Mnaikumbuka ile ya pale intaneti kafe? Ukiiwasha inakwambia leo ni tarehe 1 Januari 1980, bonyeza F1 kuendelea. Tukabonyeza F1 mpaka maandishi ya kitufe yakafutika. Ni kibetri cha duara, bei yake haifiki dakika chache za kuperuzi, na hakuna aliyekinunua. Kompyuta inakufa kwa miaka mitano na sisi tunabonyeza F1.

Ndiyo maana nilimrukia mjomba. Nikamwambia, mjomba shikamoo, tatizo la kwetu si ufundi, tatizo hatuoshi. Simu ikiingia maji tunaizika kwenye mchele. Laptopu ikimwagikiwa chai tunaipuliza hewa ya moto, ikiwaka tunasema imepona, na chai yenye sukari imebaki chini ya chipu inaendelea na shughuli zake. Nikamweleza siki, litmasi, hita, dayodi. Hasa dayodi, kwa sababu wazee wa hapa wakitoa betri ya zamani wanaweka kibetri cha duara kisichochajika, na bila dayodi bodi itajaribu kukichaji, kitavimba au kitapasuka. Nilikuwa nimepanda mimbari kweli.

Kweli, huku nako kuna kichekesho chao. Kifyonza vumbi changu kilipogoma, dukani waliniambia kukitengeneza ni ghali kuliko kununua kipya, nikitupe, tena kwenye pipa sahihi. Kipokea sauti changu cha masikioni kimegandishwa kwa gundi, betri ikichoka na chenyewe kimechoka. Umoja wa Ulaya umetunga kanuni mwaka 2023 kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, yaani wanataka kurudi kwenye redio ya mjomba. Na ule uvumilivu wa karakanani unalipiwa na pensheni. Pango hawalipi, mteja hawana, ile Amiga hakuna anayeisubiri ili akafanyie kazi. Ningependa kuliendeleza hili, ila mjomba alijibu kabla sijafika popote.

Marahaba mama, akaanza, kwa sauti ile ya mtu aliyeweka kikombe chini. Hiyo siki nanunua mimi? Maji ya betri mimi? Spiriti mimi? Siku nne meza yangu imeshikwa na bodi ya mtu mmoja, hao wengine niwaweke wapi? Huyu mteja unamjua wewe, anakwambia fundi sina haraka, ila nitaipitia saa kumi. Akirudi saa kumi nimwambie bodi inakauka? Ataibeba ampelekee yule kijana wa ng'ambo ya barabara, na kule haitaoshwa wala kukauka. Na nikimwandikia kwenye karatasi, kuosha shilingi elfu kumi na tano, atauliza kwani nimemletea nguo? Mteja analipia kifaa kipya anachokiona. Nani atalipia kuosha?

Nikamjibu ndiyo hilohilo ninalolisema, kwamba hatuoshi.

Nani kakwambia sioshi, akasema.

Kumbe anaosha. Si zote, zile zinazomuuma roho. Ana mswaki wa mtoto, ana spiriti ya duka la dawa, na kwa betri hizi mpya za alikali bado anatumia ndimu, na kwa hizo, nakiri kwa uchungu, yuko sawa. Anaosha usiku akifunga kibanda, bodi inalala juu ya kabati, asubuhi anaianika nyuma ambako mteja hapiti. Kesho yake anamwambia mwenye mali kwamba aisii, yaani chipu, ilikuwa imekufa, amebadilisha, na aisii siku hizi zimepanda. Mtu analipa bila neno.

Nikamuuliza, na mteja akitaka kuiona hiyo aisii mbovu?

Anampa. Anazo kopo zima.