Mdudu ndani ya boksi la Baba Mdogo

Wiki hii kazini programu yetu moja iligoma, na mwenzangu akabadilisha mambo manne kwa mpigo. Ikapona. Tulipomuuliza ni lipi kati ya hayo manne lililoiponya, akacheka tu. Siku mbili baadaye ikagoma tena. Nilikosa nguvu za kumgombeza, maana mimi mwenyewe niliwahi kufanya vivyo hivyo, tena mbele ya mzee. Leo nawasimulia.

Ilikuwa mwaka 2012, Muthurwa. Kwa asiyepajua, Muthurwa ni mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli enzi za mkoloni, kando ya barabara ya Landhies. Wengi wakisikia jina hilo hufikiria soko lililofunguliwa mwaka 2008. Baba yangu mdogo, mstaafu wa karakana ya reli, alikuwa akiishi pale tangu ujana wake. Mwaka 2010 baadhi ya wakazi walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu kupinga kufukuzwa, na hukumu ilikuwa haijatoka. Yeye akachoka kungoja. Aliamua kurudi kijijini mwisho wa mwezi, ambako wakati huo stima ilikuwa haijafika.

Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: kusikiliza santuri za marehemu Mama Mdogo, ndani ya chumba kile kile walichozisikilizia pamoja. Lakini priampu yake ilikuwa mgonjwa.

Priampu ni kifaa kinachopokea sauti dhaifu kutoka kwenye sindano ya santuri, milivolti chache tu, na kuikuza kabla haijaingia kwenye amplifaya ya spika. Ya Baba Mdogo aliiunda mwenyewe ndani ya boksi la bati, kwa valvu mbili aina ya ECC83, moja kwa kila upande. Ndani ya valvu, katodi ikipashwa moto hutoa elektroni, na anodi yenye volti nyingi huzivuta. Katikati yake kuna gridi. Badiliko dogo la volti kwenye gridi huleta badiliko kubwa kwenye anodi. Basi, hapo ndipo sauti inapokuzwa.

Ugonjwa ulikuwa huu: ukiwasha, pande zote mbili zaimba vizuri. Baada ya dakika kumi hivi, upande wa kulia unaanza kukwaruza, kisha sauti inafifia.

"Ni valvu," nikasema bila hata kufungua boksi.

"Umejuaje, kijana?"

"Ndizo huharibika, Baba Mdogo."

Hakunibishia. Nikaagiza valvu mpya kutoka ng'ambo (bado zinatengenezwa, Slovakia kwa mfano) kwa pesa nilizokuwa nimeweka za kodi ya nyumba. Zikachukua wiki mbili kufika. Nikazichomeka zote mbili, nikasafisha soketi, nikabadilisha na nyaya za sauti, yote kwa mara moja. Dakika kumi, kulia kukaanza kukwaruza kama kawaida. Ilikuwa imebaki Jumamosi moja kabla ya lori la kuhamisha vyombo.

Nikaudhika. Nikachomoa stima, nikapeleka mkono ndani ya boksi. Mzee akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu sikujua kama bado anazo. "Stima imelala, haijafa," akasema. Kapasita za kulainisha umeme zilikuwa zimebeba volti 250. Akachukua rezista ya kilo-ohm 10 yenye waya uliofunikwa, akazimwaga polepole huku mita ikishuka hadi karibu sufuri. Tangu siku ile sigusi kitu cha valvu kabla ya kupima.

Kisha akaniambia nirudishe kila kitu kilivyokuwa, tuanze upya. Jambo moja, sikiliza. Jambo lingine, sikiliza.

Tukabadilishana nyaya zinazotoka priampu kwenda amplifaya. Ugonjwa ukahamia spika ya kushoto. Kwa hiyo amplifaya na spika ni wazima. Tukazirudisha, tukabadilishana zinazotoka kwenye santuri. Ugonjwa ukabaki kulia, kwa hiyo sindano ni nzima. Tukabadilishana valvu za zamani, ya kulia kushoto. Ugonjwa ukabaki kulia. Valvu zilikuwa nzima tangu mwanzo! Kodi yangu ya nyumba ilikuwa imekwenda bure.

Hii ndiyo njia tunayoitumia sisi kutafuta mdudu kwenye programu: unaigawa shida nusu kwa nusu hadi ikose pa kujificha. Naijua vizuri. Sikuitumia.

Iliyobaki ni kupima. Waya mweusi wa mita tukaubana kwenye bati, mkono mmoja nikautia mfukoni ili umeme usipate njia ya kupitia kifuani. Valvu ya kushoto, hatua ya pili: anodi volti 160, gridi sufuri. Ya kulia: anodi karibu 60, gridi karibu volti 3. Gridi ile haikutakiwa kuwa na volti hizo hata kidogo. Kapasita inayounganisha hatua ya kwanza na ya pili, kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti za anodi. Hiyo ya karatasi ilikuwa imezeeka, ikawa inavujisha, na kadiri ilivyopata joto ndivyo ilivyozidi kuvuja. Ndiyo sababu ya zile dakika kumi.

Nikakimbia Luthuli Avenue, nikarudi na kapasita ya plastiki ya nanofaradi 100, volti 630. Ilikuwa ya bei ya chai na mandazi.

Wakati nalehemu ndipo nikaona upande wa ndani wa kifuniko. Mzee alikuwa ameandika kwa penseli kila tengenezo alilowahi kufanya, na mwaka wake. Mstari mmoja ulisema kapasita ya kushoto ilibadilishwa mwaka 1988. Ya kulia haikutajwa popote. Mimi, ninayewasumbua wenzangu kazini kila siku wasome logi kwanza, nilikiweka kifuniko kile chini mara tatu bila kukigeuza.

Usiku ule tukapiga santuri ya Daudi Kabaka. Dakika kumi zikapita, ishirini, saa nzima. Mzee hakusema kitu. Santuri ilipokwisha akanipa penseli, akaniambia niandike.

Boksi hilo ninalo mimi sasa, na linaimba. Nawe ukiwa na mashine ya zamani iliyogoma, badilisha jambo moja moja, na kifuniko ukigeuze kwanza. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.