Kizimba cha Kuku

Katika vitu vyote vinavyouzwa kando ya barabara zetu, vichache humhadaa mnunuzi kama kizimba cha kuku kilichokwisha kutengenezwa. Anayenunua viatu huvivaa, na vikimbana husikia maumivu yeye mwenyewe. Anayenunua kitanda hukilalia. Lakini anayenunua kizimba hatalala ndani yake hata usiku mmoja, na yule atakayelala humo hakuulizwa neno. Kwa sababu hiyo fundi, ambaye naye ana watoto wa kulisha, hupamba yale yanayoonwa na mwenye fedha. Mimi nilikuwa mmoja wa wenye fedha hao. Nilinunua kwa macho, na hasara yake karibu inipokonye mama yangu.

Baba yangu alifariki mwaka wa 2016. Mama akabaki peke yake Rabai, katika nyumba iliyozungukwa na minazi, na kwa muda wa mwaka mzima mimi na ndugu zangu tulimsihi aje kukaa nami Mtwapa. Alikataa kwa maneno laini yasiyovunjika. Hakuogopa mji, aliogopa kulishwa. Maisha yake yote alikuwa amenunua sukari yake, chumvi yake na leso zake kwa fedha ya mayai na ya majogoo aliyouza wakati wa sikukuu, wala hakutaka kufika kwa mwanawe akawa mtu wa kunyosha mkono. Mwishowe alikubali kwa sharti moja tu: kuku wake wangekuja pamoja naye. Walikuwa 8, matetea 7 na jogoo mmoja mwekundu aliyejiona kuwa mwenye nyumba popote alipowekwa.

Rabai kuku hao walilala pembeni mwa jiko na kutwa walizurura watakavyo. Mtwapa mambo yalikuwa mengine. Nyumba niliyokaa ilikuwa ya kupanga, na jirani yangu alikuwa na matuta ya mchicha aliyoyapenda kama watoto. Mwenye nyumba aliniruhusu kufuga, ila alikataa kabisa kitu chochote chenye msingi ardhini. Ilinipasa basi kutafuta kizimba kinachoweza kubebwa siku nitakapohama.

Nilikwenda peke yangu Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka wa 2018, nikavikuta vimepangwa kando ya barabara iendayo Malindi. Kimoja kilinivuta tangu mbali. Kilikuwa na umbo la nyumba ndogo ya Kizungu, paa la kijani, madirisha mawili ya kioo, na juu ya mlango fundi alikuwa amechora jogoo anayewika. Chini palikuwa na ubao unaovutwa kama mtoto wa meza ili kutoa mavi. Nilipouliza kinachukua kuku wangapi nilijibiwa, "Kumi na watano bila shida." Nikalipa shilingi 16,000, nikakodi mkokoteni, nikatembea nyuma yake kama bwana harusi.

Mama alikizunguka mara moja, akasema, "Kina rangi nzuri, mwanangu." Nilipokea maneno hayo kama sifa. Baadaye nilikumbuka kwamba hakusema neno jingine lolote.

Wakati huo ulikuwa wa kaskazi, siku ambazo hata usiku shuka huwa adui. Kuku hana jasho. Mwili wake, ambao joto lake la kawaida ni karibu nyuzi 41 za Selsiasi, hupoa kwa kuhema mdomo wazi na kwa kuachanisha mbawa ili hewa ipite. Ndani ya nyumba yangu ya Kizungu hewa haikuwa na njia ya kupita. Kioo kilipitisha jua na kuzuia upepo, na bati lilikuwa karibu mno na vichwa vya kuku. Kila jioni tuliwasikia wakihema. Asubuhi mlango ulipofunguliwa ilitoka harufu kali iliyochoma macho, ile hewa ya amonia itokayo katika mavi yenye unyevu. Mwenye kuisikia puani asubuhi na ajue kwamba kuku wamekesha wakiivuta.

Nilichukua kamba ya kupimia, kazi ambayo ilinipasa kuifanya kabla ya kulipa. Sakafu ilikuwa futi 4 kwa 3, yaani futi 12 za mraba. Kipimo kinachofuatwa na wafugaji wengi ni kama futi 4 za mraba kwa kila kuku anayefungiwa kutwa; anayelala tu na kutolewa asubuhi huweza kuridhika na pungufu ya hapo. Kwa kipimo hicho kizimba cha kuku 15 kilikuwa cha kuku 3. Tena fito za kulalia zilikuwa chini kuliko visanduku vya kutagia. Kuku hupenda kulala juu kabisa ya mahali alipo. Basi wote walijazana katika visanduku, wakalala humo, wakanya humo, na mayai machache yaliyopatikana yalikuwa machafu hata mama aliona haya kumpa jirani. Kisha matetea wakaacha kutaga kabisa.

Haya yote yangeweza kutengenezeka. Lililotushinda lilikuja usiku mmoja wa mwezi wa Februari. Nilisikia kelele, nikadhani ni ugomvi wa paka, nikageuka upande wa pili nikalala. Sijapata kujisamehe kwa kugeuka kule. Asubuhi tulikuta wavu wa upande wa nyuma umebanduliwa penye pembe. Matetea 4 walikuwa wamekufa, mmoja hakuonekana kabisa, na jogoo alikuwa juu ya paa la kijani, kimya. Jirani alizitazama nyayo akasema ni kanu, yule mnyama mwembamba wa madoadoa mwenye mkia wa pete. Ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe 6, ambao madukani huitwa wavu wa kuku, humzuia kuku asitoke. Haumzuii adui asiingie. Na wetu ulikuwa umepigiliwa kwa pini ndogo upande wa nje, hata ukucha uliweza kuung'oa.

Mama hakulia. Aliwakusanya waliokufa, akawafunika kwa jani la mgomba, akanawa mikono, kisha akaniuliza kwa upole, "Magari ya Mazeras huondoka saa ngapi, mwanangu?"

Msomaji aliye na mzazi atanielewa. Rabai iko karibu na Mazeras, na swali lile halikuhusu magari. Nilimwomba anipe juma moja tu, na katika juma hilo aje nami achague kizimba yeye mwenyewe. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akasema, "Juma moja."

Tulikwenda kwa fundi mwingine, kijana aliyekuwa na vizimba kama 6 chini ya mwembe. "Shikamoo, Mama," alisema, akatuongoza moja kwa moja kwenye kile kilichopakwa rangi.

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu, akakipita. Alifika mbele ya cha pili, akapiga magoti mchangani, akainama mpaka uso wake ukawa kimo cha kuku, akaingiza kichwa mlangoni. Alikaa hivyo kitambo. Watu wa kituo cha magari walitutazama, na nakiri kwamba niliona haya. Alipotoka alisema, "Humu hakuna upepo," akaenda kwenye cha tatu. Hapo aliingiza mkono wote mpaka begani. "Fundi, ile pembe ya mwisho nitaifagia kwa nini? Kwa ulimi?" Kijana akacheka, lakini baada ya hapo akaanza kusikiliza. Cha nne alikishika miguu akakitikisa, kikalia kama kitanda cha mzee. Cha tano komeo lake lilikuwa kipande cha mbao kinachozunguka juu ya msumari, akalizungusha kwa kidole kimoja tu, akanitazama.

Cha sita kilikuwa nyuma ya vingine vyote, hakina rangi, nguzo zake za mvinje hazikurandwa. Fundi alisema kwamba kiliagizwa na mtu ambaye hakurudi kukichukua. Sakafu yake ilikuwa futi 6 kwa 4, na ilisimama futi 2 kutoka ardhini. Upande wote wa mbele ulifunguka kwa bawaba kama kabati, kwa hiyo hapakuwa na pembe ambayo ufagio usingefika. Chini ya paa, juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala, paliachwa nafasi ya shubiri moja iliyozibwa kwa wavu, ili hewa ya moto itoke pasipo upepo kuwapiga kuku mwilini. Fito za kulalia zilikuwa juu ya visanduku. Mama alikaa chini mbele yake kama anayebarizi. Kisha akabonyeza wavu kwa vidole gumba vyote viwili, ukaingia ndani.

"Hiki nitakichukua," alisema, "lakini si kwa wavu huu."

Fundi alikitaka kwa shilingi 12,000. Mama akakipata kwa 10,500. Tukaongeza 2,000 ili wavu wote ubadilishwe kwa ule mzito wenye matundu madogo ambao wakulima hutandika kwenye meza za kuanikia kahawa, nao upigiliwe kwa ndani na kubanwa kwa vipande vya mbao. Komeo likawa la chuma, lenye mahali pa kufuli. Jumla ilikuwa shilingi 12,500, pungufu ya kile kizuri kwa 3,500.

Kukiweka mahali pake lilikuwa somo jingine. Mama alitaka urefu wake ufuate mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni ligonge ncha fupi tu. Upande wa kusini, ambako mvua za masika hutupwa na kusi, alining'iniza gunia la kukunjwa na kukunjuliwa. Juu ya bati alitandika makuti. Miguu minne ilisimamishwa ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, maana siafu wakiingia usiku kwa kuku aliyefungiwa, hana pa kukimbilia. Na uwanja mdogo wa mbele tuliufunika kwa wavu juu pia, kwa ajili ya kunguru. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na leo hapa pwani kifaranga hawezi kutembea peupe bila kuonwa nao.

Katika jambo moja tu tulitofautiana. Mama aliamini kwamba kuku mwenye nyumba nzuri hapatwi na kideri. Nilimwambia kwamba kideri hakipiti kwa kung'oa wavu. Huletwa na kuku mgeni, hata na matope ya viatu, na hakuna ubao unaoweza kukizuia. Nikamleta mtu wa mifugo, akawatia wale watatu waliosalia tone la chanjo jichoni, naye akatuagiza turudie kila baada ya miezi 3. Mama alisimama kando akiwa amekunja uso. Miezi mitatu ilipotimia ni yeye aliyenikumbusha.

Juma lile moja lilipita, na la pili. Sikuthubutu kuuliza. Tetea mmoja alianza kutaga, mwenzake akaatamia mayai 11, na siku ya 21 wakatoka vifaranga 9. Jirani wa mchicha alikuwa wa kwanza kununua mayai. Mwezi wa Agosti nilirudi kazini jioni moja nikakuta mezani pakiti ya sukari ya kilo 2 ambayo sikuinunua mimi. Mama alikuwa uani, anahesabu kuku kabla ya kufunga.

Kile kizimba cha kwanza kingali kipo. Tuliondoa vioo, tukakisogeza karibu na jiko, na mama huwekea humo vifuu na makumbi ya kuwashia moto. Wageni wengi hukisimamia, wakamuuliza kilinunuliwa wapi. Yeye huwaambia kwamba kina rangi nzuri.