Njia ya Kiriaini na Habari za Mtutu wa Bunduki

Mtu atokaye Murang'a, mji ambao zamani za utawala wa Kiingereza uliitwa Fort Hall, akitaka kwenda Nyeri, anazo njia mbili. Ya kwanza ni barabara kuu ipitayo Sagana na Karatina, na hiyo ndiyo wanayoipenda wenye haraka. Ya pili hupanda magharibi kuelekea milima ya Nyandarua, ikafika Kiriaini, kisha ikageuka kaskazini kwa Othaya na kuteremka Nyeri. Hii ya pili ina kona nyingi, na mwenye haraka hana budi kuiacha. Lakini aliyeipita mara moja haisahau upesi.

Nchi ya Kiriaini ni nchi ya migongo na mabonde. Mito ya Mathioya na vijito vyake hutoka msituni juu, ikakata ardhi nyekundu kama kisu kikatavyo mkate, na hatimaye maji yake yote huingia mto Tana. Watu wamejenga juu ya migongo. Chini kuna migomba na nyasi za ng'ombe. Upande wa chini hustawi kahawa, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo kahawa inavyopungua na chai kuzidi, mpaka chai nayo inakoma na msitu unaanza. Soko la Kiriaini lipo katikati ya mambo hayo yote, ndani ya mpaka wa Murang'a lakini karibu sana na Nyeri, na wachuuzi wa pande mbili hukutana hapo.

Msitu ule wa juu una tembo, nyati, chui, pongo, nguruwe wa mwitu, na yule bongo mwenye milia ambaye ni wachache waliopata kumwona. Tangu kale Wagikuyu hawakuwa watu wa kula nyama ya mwitu. Kazi ya kuwinda waliwaachia Waathi, watu wa msituni waliojua mishale na mashimo ya mitego. Kwa hiyo bunduki ilipofika katika nchi hii haikutafutiwa kitoweo. Kwa mkulima ilikuwa na maana moja tu: nani atamzuia nyati aliyeingia shambani usiku, na atamzuia kwa kitu gani? Swali hilo si dogo. Nyati aliyepigwa vibaya hakimbii mbali. Hujificha kichakani akingoja, na mara nyingi anayelipa deni si yule aliyefyatua risasi, bali mwanamke aendaye kuni asubuhi ya pili.

Bunduki za ajabu kuliko zote zilizopata kuonekana katika misitu hii hazikutoka Ulaya. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji walioingia Nyandarua walikuwa na silaha chache mno, wakajitengenezea zao kwa mabomba ya maji, mbao, na makomeo ya milango. Baadhi ya bunduki hizo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho hata leo. Atazamaye ndani ya bomba la namna hiyo huona uso laini mtupu, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake wote. Risasi ya .303, ambayo imeundwa kwa mtutu wa askari, ikipita katika bomba laini hutoka ikipepesuka kama mlevi. Hatua chache tu mbele huruka ubavu, na baada ya hapo hakuna ajuaye iendako. Hivyo mwenye bunduki hiyo alilazimika kumkaribia adui hata karibu ya kumgusa, na bomba lenyewe lingeweza kupasuka usoni pake. Kwamba watu walikubali kuingia vitani na chombo cha namna hiyo ni jambo la kuwafikirisha hata waliokuwa upande wa pili.

Mtutu wa bunduki ya kiwandani una mifuo ndani yake, nayo imesokotwa kama uzi wa parafujo. Risasi ikisukumwa na baruti hushikwa na mifuo hiyo ikatoka inazunguka, na mzunguko ndio unaoifanya ielekeze pua mbele. Kila mtoto aliyecheza pia analijua jambo hili: pia izungukayo kwa nguvu husimama wima, na inayochoka huyumba, kisha huanguka. Msokoto wa mtutu hupimwa kwa urefu ambao risasi inausafiri ili kumaliza mzunguko mmoja. Bunduki ya .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa London mwaka 1912, ina msokoto wa inchi 12, yaani futi moja; basi risasi itokayo kwa mwendo wa futi 2,500 kwa sekunde huwa inazunguka mara 2,500 katika sekunde hiyo hiyo. Bunduki ya milimita 9.3, aliyoibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani barani Afrika, na ambayo ilienea sana Tanganyika kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, ina msokoto mlegevu zaidi, wa inchi 14 na kidogo. Hizi mbili ndizo mfano mzuri wa bunduki za kadiri: si nyepesi kama za paa, wala si mizigo ya kuvunja bega.

Wengi hudhani kwamba uzito wa risasi ndio unaoamua msokoto unaotakiwa. Sivyo, ni urefu. Bwana Greenhill, mwalimu wa hesabu kule Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni mwaka 1879 ambayo karani yeyote anaweza kuifanya kwa penseli. Chukua upana wa risasi, uuzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 150, na jibu ligawanywe kwa urefu wa risasi. Risasi ya .375 yenye uzito wa gramu 19 na nusu hivi, ikiwa ni ya risasi nyeusi iliyovikwa koti la shaba, ina urefu wa kiasi cha inchi 1.35. Hesabu inatoa inchi 15 na nusu. Mtutu wenye msokoto wa inchi 12 basi unaizungusha kwa ziada. Lakini siku hizi ziko risasi za shaba tupu, na shaba ni nyepesi kuliko risasi nyeusi, kwa hiyo ili kupata uzito ule ule lazima ziwe ndefu. Ikifika inchi 1.5, kanuni inatoa inchi 14. Tena kwa sababu ya wepesi wa shaba hapana budi kupunguza sehemu moja kwa kumi, na ziada yote karibu imekwisha. Mwenye mtutu wa msokoto mlegevu na afikiri kabla ya kununua risasi ndefu za shaba, kwa maana mtutu haubadiliki ila kwa gharama kubwa, na risasi hubadilika kwa shilingi chache.

Asiyejua msokoto wa mtutu wake, baada ya kuhakikisha hamna risasi ndani, hupitisha ufito wenye kitambaa kilichobana, akaweka alama juu yake, na kutazama ufito umeingia kiasi gani mpaka alama izunguke mara moja kamili. Na asiyeamini hesabu aipige karatasi. Tundu likiwa duara, risasi inakwenda sawa. Likiwa refu kama tundu la ufunguo, risasi imelala ubavu.

Nchi za juu humsaidia mpigaji kidogo. Katika mwinuko wa meta 2,000, hewa imepungua kwa karibu sehemu moja kwa tano kuliko ilivyo Mombasa, na hewa nyepesi haiisumbui sana risasi. Bunduki iliyokuwa ikiyumba kidogo pwani huweza kupiga vizuri kwenye miteremko ya Nyandarua. Lakini msaada huo huishia kwenye ngozi ya mnyama. Nyama ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara 800, na hakuna msokoto utoshao peke yake kuinyosha risasi humo ndani. Hapo kazi ni ya umbo: pua ya duara au bapa, na mwili mgumu usiopinda. Risasi ya pua laini hupanuka na kuua upesi, nayo yafaa kwa pongo na chui. Kwa tembo hupasuka kabla haijafika mahali pake, na kwa nyati anayekuja uso kwa uso ni kumbahatisha. Huko hutakiwa risasi ngumu. Ipo pia hadithi ya wawindaji kwamba risasi nzito hupenya vichaka bila kupinda. Hadithi hiyo iachwe: kijiti kidogo cha mwanzi huipotosha yoyote.

Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya 800 kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Siri yake ilikuwa risasi ndefu ngumu ya gramu 11 katika mtutu wenye msokoto mkali, na kujua ubongo wa tembo ulipo. Wengi waliomwiga waliichukua bunduki yake wakaiacha elimu yake.

Bunduki ya namna hiyo hiyo inahusika na mwisho wa safari hii. Othaya ikishapitwa, barabara huteremka Nyeri, na hapo, katika kiwanja cha hoteli ya Outspan, kuna nyumba iitwayo Paxtu. Baden-Powell aliishi humo hadi alipofariki Januari 1941. Baadaye Jim Corbett, aliyehamia Kenya mwaka 1947 pamoja na dada yake, alikaa humo. Huyu ndiye aliyemwua chui-milia mla watu wa Champawat kule India mwaka 1907, akatunukiwa bunduki ya Rigby ya .275, ambayo si nyingine ila ile ile milimita 7. Kwa wanyama wakali zaidi alikuwa pia na bunduki nzito ya mitutu miwili. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alikuwa Treetops, ile nyumba juu ya mti, pamoja na Binti Mfalme Elizabeth, ambaye usiku huo akawa Malkia. Nyumba hiyo ilichomwa moto na wapiganaji wa msituni mwaka 1954. Corbett alifariki Aprili 1955, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Petro, karibu na kaburi la Baden-Powell. Bunduki yake ilikwenda Uingereza, na baada ya miaka mingi ikarudi mikononi mwa Rigby walioitengeneza.

Uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku Kenya mwezi wa Mei 1977, na mkulima wa Kiriaini akabaki na jirani zake wa msituni bila mwenye bunduki wa kuitwa isipokuwa askari wa serikali. Mwaka 1989 ulianza kujengwa ua wa waya wa umeme kuuzunguka msitu wa Nyandarua. Ulikamilika mwaka 2009, urefu wake ukiwa kilomita 400 hivi. Mahali pengine waya huo hupita kando kabisa ya mistari ya mwisho ya chai, hata mchumaji akiinua kichwa husikia matawi yakivunjika upande wa pili.