Shakwe Asiyejulikana wa Mdomo wa Sabaki

Karani aliyezoea daftari hapendi kuona mstari usioandikwa kitu. Miaka mingi ya kujaza fomu imemfundisha kwamba nafasi tupu italeta barua ya kuuliza, na barua hiyo italeta nyingine. Basi huona heri aandike neno lolote kuliko kuacha pengo. Tabia hiyo alikuwa nayo bwana mmoja wa Malindi, aliyestaafu baada ya kuitumikia hazina ya serikali zaidi ya miaka thelathini, na ambaye sasa hutumia siku zake za mapumziko kuhesabu ndege. Aliyemwachisha tabia hiyo ni shakwe mmoja, na habari zake zafaa kuelezwa polepole, maana jambo lenyewe si jepesi kama lionekanavyo kwa mbali.

Ndege wa majini huhesabiwa nchini Kenya mwezi wa Januari, na tena mwezi wa Julai, katika maziwa, mabwawa na pwani. Hesabu ya Januari ina maana yake. Wakati huo Ulaya na Urusi zimo katika majira ya baridi, maji yameganda, na ndege wengi wa huko wamekimbilia kusini kutafuta riziki. Pwani ya Kenya nayo imo katika kaskazi, jua likichoma mchanga tangu asubuhi. Mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, ni kituo chao mashuhuri. Mto huo, ambao bara huitwa Athi na kisha Galana, huleta tope jekundu hata baharini. Tope hujenga mafungu, na maji yakijaa ndege husongamana juu ya mafungu hayo kama watu wangojao feri.

Msomaji wa bara huenda akauliza, kuna ugumu gani kumjua shakwe? Si ndege mweupe apigaye kelele na kunyang'anya samaki? Naam, shakwe kujulikana kuwa ni shakwe hata mtoto aweza. Shida huanza mtu akitaka kujua ni shakwe gani. Ndege wengi wadogo huvaa mavazi ya wazazi wao kabla ya kutimiza mwaka mmoja au miwili. Shakwe wakubwa huchukua hata miaka minne: mwaka wa kwanza ni wa madoadoa ya kahawia mwili mzima, na kila mwaka huvua kidogo na kuvaa kidogo, hata ndege mmoja katika mwaka wake wa tatu afanana zaidi na ndege wa jamii nyingine kuliko na baba yake mzazi. Isitoshe, wengine hubadili rangi ya kichwa kwa majira. Shakwe wa kichwa cha kijivu, ambaye ni mwenyeji wa maziwa ya Bonde la Ufa, hupoteza sehemu kubwa ya kijivu hicho asipokuwa katika majira ya kuzaa; na mgeni wa Ulaya wa kichwa cheusi huwa na kichwa cheupe wakati wa baridi, amebakiza doa jeusi tu nyuma ya jicho. Wakisimama pamoja Naivasha, hutazamwa jicho. Mwenyeji aliyekomaa ana jicho jeupe, mgeni ana jicho jeusi. Lakini mtoto wa mwenyeji naye ana jicho jeusi! Mfugaji atalielewa jambo hili, maana ajua jinsi ndama wa ng'ombe wa aina mbili wanavyoweza kufanana hata wakamdanganya mnunuzi sokoni.

Shakwe wa Sabaki alikuwa wa namna nyingine, na ngumu zaidi. Kuna shakwe mkubwa wa mgongo mweusi, ambaye Linnaeus alimpa jina la Larus fuscus mwaka 1758. Wageni wa namna hii wafikao Afrika Mashariki hutoka hasa pande mbili. Mmoja huzaa Finland na nchi nyingine zinazoizunguka bahari ya Baltiki. Mgongo wake ni mweusi kabisa, umbo lake jembamba, na akisimama mabawa yake hupita mkia kwa kiasi kikubwa. Mwingine huzaa katika nyika baridi za kaskazini ya Urusi. Huyu ni mkubwa zaidi, kifua kimejaa, na mgongo wake si mweusi wa makaa bali ni kijivu kilichokolea, kama kibao cha kuandikia cha shule za zamani. Amepewa jina la Heuglin, msafiri Mjerumani aliyekufa mwaka 1876. Wataalamu wengine humhesabu huyo wa Urusi kuwa jamii ya peke yake, wengine humweka kuwa tawi tu la yule wa kwanza, na ubishi huo haujesha. Wa Finland hupenda zaidi Ziwa Viktoria. Baadhi yao wamefungwa vyombo vidogo vya kupeleka habari kwa setilaiti, wakafuatwa kutoka viotani mwao hata ziwani humo, safari ya zaidi ya kilomita 6,000. Wa Urusi ndiye wa kawaida zaidi pwani. Lakini ndege hana cheti cha njia, na yeyote kati yao aweza kutokea popote.

Basi asubuhi moja ya kuhesabu, karani huyo alikuwa ameketi mchangani na kijana anayeongoza wageni, darubini ya miguu mitatu ikiwa mbele yao. Katikati ya shakwe wa rangi ya masizi, wenyeji wa bahari hizo, alisimama mmoja wa mgongo mweusi, mguu mmoja ameukunja, kichwa amekificha chini ya bawa.

"Mzee, andika huyo ni wa Finland," kijana alisema. "Mgongo wake ni mweusi ti."

"Jua liko upande gani, mwanangu?"

Jua lilikuwa nyuma ya ndege. Kijana alikaa kimya. Wakangoja. Baada ya robo saa wingu lilipita, na mgongo uliokuwa makaa ukawa kijivu. Wingu likaondoka, ukarudi kuwa makaa. Ukubwa nao haukuwasaidia, kwa sababu hapakuwa na shakwe mwingine mkubwa karibu yake wa kumlinganisha naye, na mbele ya shakwe wadogo kila mkubwa huonekana jitu. Yakabaki mabawa. Mvuvi alipopita na wavu wake ndege aliamka akaruka, kijana akapiga picha tatu, na hapo ikaonekana kwamba manyoya ya mwisho ya mabawa yalikuwa yakibadilishwa: ya zamani yameanguka, mapya hayajafikia urefu wake. Urefu wa bawa la namna hiyo hausemi neno lolote la kutegemewa. Miguu ilikuwa ya manjano, lakini wote wawili wana miguu ya manjano. Pete haikuwapo, wala ya chuma wala ya plastiki yenye herufi, ambayo ingemaliza shauri kwa dakika moja.

"Sasa tutaandikaje?" kijana aliuliza. "Fomu ina nafasi mbili, ya huyu na ya yule. Tukiacha, watadhani hatujui kazi."

Kijana hakuwa na kosa. Mwongozaji wa wageni hula kwa kujua, na mgeni aliyelipa hapendi kuambiwa kwamba ndege hajulikani. Zamani, karani mwenyewe angalitoa jibu lile lile: angalitazama hesabu ya mwaka uliotangulia, akaona wa Urusi ndio wengi, akamwongeza mmoja. Hesabu ingetimia, na hakuna mkaguzi ambaye angegundua.

Lakini hazina ilikuwa imempa pia ujuzi mwingine. Alijua kwamba kosa lililoandikwa kwa wino safi ni gumu kulitoa kuliko pengo, kwa sababu hakuna alitiliaye shaka. Na shakwe wa Finland si ndege wa kuchezewa hesabu. Idadi yao huko wazaako imepungua sana tangu nusu ya pili ya karne ya 20. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni sumu za viwandani zilizoonekana katika miili ya makinda, na shakwe wengine wakubwa walao makinda hayo. Wanaojaribu kujua ndege hao wanaishije nusu ya mwaka wasipokuwa kwao hutegemea madaftari kama lile la Sabaki. Kila mgongo mweusi wa pwani ukiandikwa kuwa wa Finland, msomaji wa mbali atafikiri wameliacha ziwa na kufuata bahari. Wote wakiandikwa kuwa wa Urusi, basi hata yule mmoja wa Finland atakayefika kweli hatajulikana kamwe.

Akapiga mstari mpya chini ya nafasi zile mbili, akaandika: "Mgongo-mweusi, wa upande gani haikutambulika: 1." Mbele yake akaeleza kwa maneno machache jua lilivyokuwa, manyoya ya mabawa yalivyokuwa, na kwamba ndege alitazamwa kwa dakika arobaini. Kijana alisoma mara mbili. Akasema maelezo hayo ni marefu kuliko ya ndege wote waliojulikana siku hiyo, na alisema kweli.

Picha zilipelekwa kwa watu wawili wenye uzoefu mwingi wa shakwe. Mmoja alijibu kwamba huenda ni wa Urusi, kwa ajili ya kichwa na shingo. Mwingine alijibu kwamba kwa picha kama hizo asingethubutu kusema. Mstari ule haukubadilishwa. Picha iliyo nzuri kidogo ingali katika simu ya kijana, na akiwa na wageni wanaojisifu kwa kujua ndege huitoa, akawaomba waseme wao kwanza.