Kitambaa cha Heshima

Kwa muda wa juma zima kompyuta ya mezani nyumbani kwetu ilikuwa ikiwaka na kuzimika. Ukiiwasha asubuhi yadumu dakika 10. Ukiiwasha tena papo hapo, haimalizi hata 2. Ndani yake mlikuwa na hesabu za chama chetu cha kuweka na kukopa, nami ndiye mweka hazina. Wanachama walipokuja kuzitazama, nilimkaripia mwanangu mbele yao, nikidai kwamba michezo yake ndiyo iliyoiharibu. Kijana hakunijibu.

Jumamosi alikuja fundi. Aliuliza kwanza jambo moja: je, yazimika mara tu iwashwapo, au baada ya muda? Tulipomweleza, alisema ugonjwa huo yaelekea ni wa joto. Alichomoa waya ukutani, akafungua ubavu wa sanduku. Feni ilikuwa imevikwa vumbi kama pamba, na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka. Prosesa ikikaribia nyuzi 100, mashine hujizima yenyewe isije ikaungua.

"Ni nani aifunikaye kwa hiki?" aliuliza, amekishika kitambaa cha kufuma kilichokuwa kikiziba matundu ya hewa.

Ni mimi. Nilidhani naitunza.

Fundi alisafisha kwa brashi, akapaka dawa mpya. Tangu hapo haijazimika. Kazi iliyo ngumu zaidi ilinibakia mimi: kumwomba mwanangu radhi, mbele ya wanachama wale wale. Wazazi wenzangu, tuulize kabla ya kukaripia.